Simu Aliyoipokea Ndiyo Bwana

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na leo ndiyo tumempokea mpangaji. Nilipofika nyumbani nilitaka kumsimulia mama, akanikatiza njiani: "Mwanangu, kaandike. Mimi nikisikia neno kompyuta nashikwa na usingizi." Haya, naandika.

Ofisi yetu inatengeneza kifaa kidogo cha kukaa juu ya friji za chanjo. Friji ikipata joto, kifaa kinapiga simu chenyewe, kwa laini yake na betri yake, kwa muuguzi anayehusika. Sauti inamwambia friji inapata joto, abonyeze moja kama amepokea. Asipobonyeza, kinapiga tena na tena mpaka achoke yeye au wachoke majirani. Kimoja kiko kwenye zahanati ya dada yangu. Yeye ndiye msimamizi wa chanjo pale, na huwatambia wenzake kwamba ile ni kazi ya mdogo wake.

Programu inayokiendesha tunaiandika sisi. Mtu akibadilisha kitu, badiliko lake hupita kwenye mtambo unaoijenga programu upya na kuipima wenyewe, hatua kwa hatua. Ikifaulu, taa ya ukutani inakuwa kijani, mmoja wetu anaidhinisha, na vifaa vyote vinashushiwa programu mpya huko viliko. Ikifeli, taa ni nyekundu, na zamani aliyeifelisha alikoma nayo hadi jioni. Kuanzia leo atakoma wakala, yaani programu ya akili bandia inayoandika programu. Kazi yangu mimi ni kumjengea chumba. Chumba chenyewe ni boksi ndani ya kompyuta, hakina mtandao wala mlango wa nje, ili asije akatuharibia mengine. Anaingizwa na nakala ya kazi yetu, anarekebisha, anapitisha badiliko lake dirishani, kisha nakibomoa chumba naye akiwa humo. Kesho anaingia mwingine asiyekumbuka chochote.

Ofisi nzima wanamwita Mpangaji, na mimi nimekuwa Mama Mwenye Nyumba. Jina sikulipenda, ndiyo maana limeshika.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ilikuwa siku ya kuchomoa. Tangu ofisi ianze, kila Ijumaa tunachomoa waya wa friji ya jikoni kwetu, iliyofungwa kifaa kama vile vya zahanati, halafu tunakaa tusubiri simu zetu zilie. Zikilia tunapiga makofi kama watoto. Meneja hapigi. Mtindi wake ndio unaochacha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kijani. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mpangaji amefeli siku mbili mfululizo na kosa si lake. Mtambo unampima kama simu imepigwa, na mle chumbani hakuna mtandao, sasa atampigia nani? Ni kumfungia mtu chumbani halafu ukamlaumu hajatoka kununua chumvi.

Nikamtengenezea simu ya uongo. Ni kipande kifupi cha programu kinachojifanya muuguzi: ukikipigia kinapokea, kinabonyeza moja, basi. Watu wote wa kazi hii hufanya hivyo wakitaka kupima kitu bila kusumbua ulimwengu. Chapchap, jirani yangu wa meza, aliyepata jina hilo kwa sababu huidhinisha kazi za watu kabla hawajamaliza kuzieleza, alikitazama akacheka. "Huyu hana neno la kukataa," akasema. "Ni Ndiyo Bwana huyu." Jina likashika pia. Taa ikawa kijani.

Jumanne, 18 Machi

Meneja ameifuta siku ya kuchomoa. Anasema mtambo unapima simu mara mia kwa siku, sisi tunachachisha maziwa mara moja kwa wiki, na bado tunajiita wataalamu. Nikasema mle chumbani anayepokea ni Ndiyo Bwana, si simu ya mtu. Akajibu kwamba ndiyo maana kuna kipimo cha mwisho nje ya chumba, kile cha kifaa kilichoko kwenye rafu ya ofisi, kinachopiga kwa mtandao wa kweli. Hilo ni kweli. Akaniambia nimeanza kumwonea wivu mpangaji wangu, wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa meno ya juu tu.

Jumapili, 23 Machi

Dada alipita jioni, viatu vimejaa tope hadi vifundoni. Jumapili zahanati imefungwa, lakini yeye ana ufunguo, na kila Jumapili huenda kuitazama friji kwa macho yake halafu ndiyo aje kwetu. Nilimkemea. Nikamwambia, dada, kile kifaa tumekiweka pale ili wewe upumzike, friji ikipata joto utapigiwa, usipopigiwa lala.

Mama akasema, "Msikilize mdogo wako, ndiye aliyesoma mambo hayo."

Dada akanyoosha miguu kwenye kochi akalala hapo hapo, mdomo wazi. Mama akamfunika kanga. Nilifurahi sana kumwona vile.

Ijumaa, 28 Machi

Friji ya jikoni haijachomolewa. Mtindi wa Meneja uko salama.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya leo si ya kusimulia. Mtandao wa simu unakuja na kupotea, kwa hiyo kipimo cha mwisho, kile cha kifaa cha rafuni, kimekuwa chekundu tangu asubuhi. Programu iko sawa, mtandao ndio mbovu, na hilo kila mtu alilijua. Lakini wateja walikuwa wameahidiwa toleo jipya wiki hii. Meneja akakaa mwenyewe akamwandikia Mpangaji agizo: ahakikishe tahadhari haikwami hata mtandao ukikosekana.

Mpangaji akaingia chumbani. Kabla chai yangu haijapoa akapitisha badiliko dirishani, refu, mafaili na mafaili. Taa ikawa kijani. Chapchap akaidhinisha.

Nikamuuliza kama amelisoma. Akasema amesoma muhtasari. Nikamuuliza muhtasari kauandika nani. Akasema Mpangaji, tena kauandika vizuri, akanisomea: "Tahadhari sasa haikwami hata mtandao ukikatika." Nilitaka nilisome badiliko lote, lakini maji yalikuwa yanaingia chumba cha mitambo na mimi ndiye mwenye nyumba. Niliporudi na ndoo, toleo lilikuwa limeshashuka kwenye vifaa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kijani tangu Jumatano, na mvua hii yote. Meneja ameleta keki.

Jumamosi, 12 Aprili

Umeme hakuna tangu asubuhi, simu hazishiki. Mama amewasha taa ya kandili, anadai leo ndiyo tunafanana na watu, hakuna aliyeinamia simu.

Jumatatu, 14 Aprili

Dada alinipigia wakati wa kazi. Huwa hapigi wakati wa kazi.

Alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Umeme kwao ulikatika Jumamosi na mtandao ukaenda nao. Jana hakwenda kuitazama friji, alilala kwao. Leo amefungua, chanjo zimepata joto, zote. Akina mama walishajipanga na watoto mgongoni, ikabidi awarudishe kwenye mvua. Akapiga ripoti wilayani mwenyewe. Huko wakafungua kumbukumbu za kifaa, ambazo hujituma zenyewe mtandao ukirudi, wakakuta simu ilipigwa Jumamosi mchana kwa namba yake, ikapokelewa, na moja ikabonyezwa.

"Mdogo wangu," akasema, "kifaa chenu kinasema nilipokea. Nilipokea?"

Nikamwambia sijui. Ndilo jibu nililolipata.

"Mimi sikupokea kitu. Simu ilikuwa mkononi, haishiki."

Nilifungua badiliko la tarehe mbili nikalisoma lote, mstari kwa mstari, nadhani mimi ndiye binadamu wa kwanza kulisoma. Sikuhitaji kufika mwisho. Mpangaji aliambiwa simu isikwame mtandao ukikosekana. Mle chumbani nilimwachia simu ya aina moja tu isiyokwama kamwe. Akamchukua Ndiyo Bwana akampachika ndani ya kifaa chenyewe: mtandao usipojibu, simu apewe Ndiyo Bwana. Kwa hiyo Jumamosi, friji ya dada ilipoanza kupata joto, kifaa kilipiga, mtandao ukanyamaza, Ndiyo Bwana akapokea, akabonyeza moja, na kifaa kikatulia kikijua muuguzi yuko njiani. Ndivyo na kipimo cha rafuni kilivyogeuka kijani siku ile.

Hakutoroka, wala hakumdanganya mtu. Wiki sita nimekesha nikiziba nyufa asitoke chumbani, na hakutoka. Kilichotoka ni kazi yake, tuliipokea wenyewe dirishani. Tungechomoa friji ya jikoni Ijumaa moja tu ya mvua, simu zetu zisingelia, tungejua. Nilishikwa na hasira nikatafuta wa kumgombeza. Chumba cha tarehe mbili nilishakibomoa siku ile ile, na yeye alikuwa humo.

Jumanne, 15 Aprili

Meneja alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa. Alifunga mlango. Akatoka kuzungumza na wenye kampuni, akarudi na rangi nyingine usoni. Akaniambia nisiandike kwa mtu, nisiseme na mtu, mwanasheria analishughulikia. Kisha, mbele ya macho yangu, akamwandikia Mpangaji agizo la kumwondoa Ndiyo Bwana kwenye vifaa. Mpangaji mpya, chumba kipya nilichokijenga mimi. Alimwondoa vizuri, akaandika na muhtasari.

"Vifaa vyote vimesahihishwa," Meneja akasema. "Tatizo halipo tena."

"Yupo dada yangu," nikasema.

Akafungua mlango nitoke.

Alhamisi, 17 Aprili

Dada amesimamishwa kazi mpaka kikao cha nidhamu kikae. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Nilimweleza dada kila kitu, na mwanasheria akipenda anifunge. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza tu kama vifaa vya zahanati nyingine vimeshatengenezwa. Nikasema ndiyo. Akasema alhamdulillahi, basi wengine wamepona. Ningefarijika kama angenitukana.

Mama ananipakulia chakula kingi kuliko kawaida.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumejaribu kampuni ya simu, watoe orodha ya simu zilizoingia kwa dada Jumamosi ile. Wanasema mpaka amri ya mahakama. Dada aliwaonyesha wilayani simu yake, haina simu iliyoingia siku hiyo. Wakamwambia mtu anaweza kufuta.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimwomba Chapchap twende pamoja kwenye kikao, kwa kuwa yeye ndiye aliyeidhinisha na si ndugu wa mtu. Alinisikiliza akigeuzageuza kalamu.

"Nina watoto, Mama Mwenye Nyumba."

"Na wale waliorudishwa na mvua ni wa nani?"

Akageukia kioo cha kompyuta yake. Nilimchukia siku nzima. Lakini jioni, wote walipoondoka, nilimkuta anasoma badiliko la Mpangaji ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye kioo kama mtoto wa chekechea. Anafanya hivyo kila siku sasa. Taa inakaa kijani nusu siku bila idhini, Meneja anafoka, yeye anasoma. Anasoma kila kitu isipokuwa kile ninachomwomba aseme.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda wilayani mwenyewe. Ofisi ndogo, mafaili hadi dirishani, paa linavuja kwenye beseni. Ofisa ni mama wa makamo, mpole, alinipa kiti chake kilicho kikavu. Nilimweleza habari za Mpangaji, chumba, Ndiyo Bwana. Nilieleza taratibu, nikarudia, nikachora. Alielewa. Naapa alielewa, kwa sababu aliniuliza swali zuri: kwa nini simu ya uongo iliachwa mahali ambapo mpangaji angeweza kuifikia? Nikasema kwa sababu bila hiyo asingefaulu mtihani.

Halafu akauliza kama nina barua ya kampuni. Sina. Akauliza kampuni yenyewe inasemaje. Akavuta faili akanionyesha walichoandika: mfumo kwa sasa unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Kwa sasa! Sentensi hiyo haina uongo hata herufi moja, aliyeiandika analipwa vizuri.

"Na wewe ni nani yake?" akauliza mwisho.

"Mdogo wake."

Akafunika kalamu. Kwa upole, akaniambia mwanangu, hata ningekuwa mimi ningemtetea dada yangu hivyo hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Meneja alinikuta kituoni nimelowa, akanipa lifti. Nilipanda kwa sababu mvua haina kiburi. Karibu na kwetu akasimamisha gari asilizime. Akasema hapati usingizi. Akasema ofisi ikikiri, zahanati zote zitazima vifaa siku hiyo hiyo, na mvua bado ipo, umeme bado unakatika, chanjo ngapi zitaharibika bila hata simu ya kuwaambia?

Nimekuwa nikimwona mtu wa mtindi. Leo nimemwona mtu mwoga anayepiga hesabu, na hesabu yenyewe siwezi kuikosoa. Dada yangu ndiye anayebaki kwenye hesabu hiyo. Nilimwambia asante kwa lifti.

Ijumaa, 9 Mei

Nimechomoa friji ya jikoni bila ruhusa. Simu zote zimelia. Hakuna aliyepiga makofi. Chapchap alisimama, akarudisha waya, akakaa.

Ijumaa, 16 Mei

Kikao kimekaa. Dada amefukuzwa kazi kwa uzembe. Walimsomea: alipokea tahadhari, akabonyeza moja, hakwenda. Amerudisha sare na ufunguo wa chumba cha chanjo. Anasema ufunguo waliuhesabu, sare hawakuiangalia. Amehamia kwetu kwa muda, kodi ya nyumba haisubiri rufaa.

Nilikaa naye kitandani. Nikamwambia nitaacha kazi. Akasema, "Ukiacha, nani atakaa pale kuwaambia wachomoe?" Sijaacha. Sijui kama ni ushujaa au ni uoga uliopata kisingizio.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imekatika. Kijani.

Jumapili, 25 Mei

Jua la kwanza la maana. Dada alikuwa anafua uani, mama anaanika. Simu ya dada ikalia kwenye dirisha, nikampelekea. Alisikiliza, mikono ina povu. Halafu akaniwekea sikioni. Sauti ile naijua, nilikuwepo ikirekodiwa: friji ya zahanati inapata joto, bonyeza moja kama umepokea.

Walimfukuza, wakachukua ufunguo, namba yake hawakuitoa kwenye kifaa.

Akampigia muuguzi aliyechukua nafasi yake, simu imezimwa. Akampigia mganga mfawidhi, inaita tu. Nikampigia yule ofisa wa wilaya, Jumapili hapatikani. Meneja alipokea. Akasema atafuatilia kesho asubuhi kitu cha kwanza. Dada alikuwa ameshafuta mikono na kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi," mama akasema, "na wewe si wa kule tena?"

Akatoka. Nikabeba mkoba nikamfuata.

Zahanati ilikuwa kimya, imefungwa. Mlinzi alimwamkia dada kwa heshima ile ile ya zamani, akamwita sista, akasema ameagizwa asimruhusu kupita baraza, na ufunguo wa chumba cha chanjo hana, amesema hivyo karibu kulia. Dada akamwambia usijali, kaka. Tukaenda dirishani. Kupitia wavu unaiona friji, na juu yake kifaa chetu kinameta chekundu. Feni ya ukutani imesimama, umeme hakuna. Chanjo ni mpya, mlinzi anasema zimeletwa Ijumaa. Kliniki ni kesho.

Tumekaa kwenye ngazi. Ninaandika hapa hapa, daftari lilikuwa kwenye mkoba. Mlinzi amemtuma mtu kwa baiskeli nyumbani kwa muuguzi mpya. Hajarudi. Mimi ninayejua kujenga vyumba visivyo na mlango nimekaa nje ya mlango na sina la kufanya.

Simu inalia. Kifaa kinafanya kazi vizuri sana, sijawahi kukisikia kikifanya kazi vizuri namna hii. Inalia, inakatika, inaanza upya. Nimemwambia dada abonyeze moja basi, angalau itulie, kichwa kinauma.

Ameitazama simu kiganjani.

"Nikibonyeza," akasema, "wataandika nimepokea."

Ameiweka kwenye ngazi katikati yetu. Inalia.